Kioo cha Motokaa ya Baba Mdogo

Nimewasikia watu wazima, tena waliosoma, wakisema kwamba kioo cha gari hakipasuki bure. Juzi tu jirani yangu aliegesha gari nje ya lango lake, akaingia ndani kunywa chai, na alipotoka akakuta kioo cha mbele kina ufa kutoka kona moja hadi nyingine. Kabla chai haijatulia tumboni alikuwa ameshapata washukiwa, wote wa ukoo wake. Nilimwambia aangalie ile kona ya chini iliyopigwa na kokoto zamani, na kwamba kidonda kidogo kama hicho kikipigwa na jua la Voi siku baada ya siku, mwisho wake ni huo. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama bibi kizee aliyeanza kusahau. Nikamwacha. Mimi nimewahi kuona kioo kikimletea mtu kesi, na tangu hapo watu wa namna hii siwapotezei mate.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katikati hivi, nyumbani kwetu Mraru, kando ya barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nafundisha watoto kusoma katika shule ya misheni, na nilikaa na mama. Baba alimwachia mama shamba la bondeni, mahali penye unyevu ambapo migomba na miwa haikukauka hata mwaka ambao sisi wa tambarare tulikuwa tukitazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kule milimani Dawida. Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Lakini katika nchi ile ya vumbi na miba, mwenye bonde alikuwa na chakula, na asiye na bonde alikuwa na maneno.

Mwenye maneno kwetu alikuwa baba mdogo, ndugu yake baba wa kumfuata. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, na cheo hicho alikivaa kutwa kucha, hata chooni, naamini. Alitembea na kalamu mfukoni mwa shati siku ya Jumapili. Akizungumza na mama alianza kila sentensi na "sisi watu wa ofisi", ingawa mama hakuwa wa ofisi na wala hakuwa na hamu ya kujua habari zake. Tangu baba azikwe alikuwa ameshakuja mara kadhaa kumweleza mama, kwa sauti ya asali, kwamba shamba la bondeni ni zito kwa mwanamke na lingefaa lishikwe na mwanamume. Mama alimkaribisha uji na kumwambia kwamba mgongo wake bado haujalalamika.

Halafu baba mdogo akanunua motokaa. Mzungu mmoja wa pale kwenye mkonge alikuwa anarudi kwao, akaliacha gari kuukuu ambalo lilikuwa limechoka kuliko mwenyewe. Rangi yake ilikuwa imebabuka kwa jua, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na kioo cha mbele kilicheza katika fremu yake kama jino la mzee. Ule mpira wa kuzungushia kioo ulikuwa umekauka na kukatikakatika. Gari likipita katika vile vituta vya barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu, vile vinavyotetemesha mwili mpaka mtu akasahau alitaka kusema nini, kioo kilipiga kelele kuliko injini.

Mhindi mwenye gereji pale Voi alimwambia anunue mpira mpya. Baba mdogo alikasirika, si kwa sababu ya mpira, ila kwa sababu Mhindi alisema "hili gari la yule Mzungu" mbele ya watu. Akaondoka pale pua juu. Alipofika nyumbani alichonga kabari za mti mgumu, akazipigilia kwa nyundo kuzunguka kioo chote, moja baada ya nyingine, mpaka kioo kikanyamaza. Alitutembeza sote kuonyesha jinsi kilivyonyamaza. "Unaona?" alituambia. "Kazi ya akili. Mhindi anataka kuuza tu."

Kioo kinahitaji nafasi ya kupumua. Kikishikwa na jua kinatanuka, kikipoa kinajivuta, na kila gurudumu likiingia shimoni fremu ya bati inajipinda kidogo na kukisukuma. Ndiyo maana ya mpira. Kioo cha aina ile, kilichochomwa na kukazwa kiwandani, kina nguvu sana katikati lakini ukingo wake ni mwepesi wa kuudhika. Ukingo ukipata pigo la nyundo, au ukibanwa na kitu kigumu mahali pamoja, kinaweza kukaa saa nyingi kikivumilia, halafu kikaachia chote kwa mpigo mmoja wakati hakuna hata nzi aliyekigusa. Hayo nimekuja kuyasoma baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mtu anapiga kioo kwa nyundo na kujisifu.

Sasa motokaa ilihitaji baraka, na hapa ndipo baba mdogo alipoonyesha umbo lake. Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili akipewa nafasi alisimama mbele na kuwakaripia wale waliokuwa bado wanafanya kutasa, akiita jambo hilo giza la mababu. Kutasa kwetu ni hivi: mtu anachukua funda la maji, au la pombe ya miwa kama hana ugomvi na kanisa, analitema kwa kulipuliza nje kama manyunyu, na hapo anatamka maneno ya amani juu ya mtu, mtoto, ng'ombe au safari. Lakini lazima kwanza aiondoe hasira moyoni. Ile hasira inatoka na yale maji. Wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa na mtu wa nyumbani ina uwezo wa kuleta ugonjwa, kukausha maziwa, kuua mbuzi, hata kama mwenyewe hakukusudia. Na mtu anayetasa huku ameificha anamwaga balaa badala ya baraka.

Basi baba mdogo alimwita mwalimu wa kanisa aiombee motokaa mbele ya nyumba, wanawake wa kanisa wakaimba, ikawa vizuri. Mwalimu alipoondoka kwa baiskeli yake, baba mdogo aliisukuma motokaa hadi nyuma ya nyumba, akaomba pia itaswe. Alitaka kinga zote mbili. Kwa desturi kazi hiyo ilikuwa ya mkubwa wa nyumba, na kwa kuwa baba hakuwepo, nafasi yake ilimwangukia mama. Baba mdogo hakupenda, lakini alijua akimruka watu watasema.

Mama alipiga funda la maji kutoka kwenye kibuyu, akapulizia boneti, akapulizia magurudumu, akapulizia kioo. "Iende kwa amani, irudi kwa amani," alisema. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuniambia nifunge mlango. Kisha akajipangusa mdomo na kwenda kupakua chakula.

Tulikula kimanga, ule mseto wetu wa kuponda, na kunde, wanaume upande wao na sisi upande wetu. Motokaa ilikuwa imeachwa juani, jua la utosini, boneti huwezi kuiwekea kiganja. Hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo. Ghafla tukasikia mlio kama tawi kavu likivunjwa, halafu mmwagiko. Tulipogeuka kioo hakikuwepo. Kilikuwa kimelala juu ya viti na juu ya boneti, punje tupu, kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Nyingine bado zilikuwa zikidondoka moja moja kutoka kwenye fremu.

Hakuna aliyetazama kabari. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa dharau mpaka leo. Watu wote pale, na akili zao, na macho yao mawili mawili, waligeuka wakamtazama mama.

Baba mdogo aliweka chini sahani yake polepole. "Shemeji," alisema, "kuna neno lolote moyoni?"

"Chakula kinapoa," mama alisema.

Hakusema lipo, hakusema halipo. Baba mdogo aliuliza tena mbele ya watu, na mama akaanza kukusanya sahani. Mimi nilitaka kusema, lakini alinikata jicho nikanyamaza.

Kama ingekuwa kwa desturi peke yake, mambo yangekwisha siku ileile. Mtu akikiri ana hasira, anapewa maji, anatasa, anapulizia hasira nje, watu wanakula na kurudi makwao. Hakuna aibu kubwa ndani yake. Lakini baba mdogo hakutaka hasira itoke. Alitaka ibaki, kwa kuwa ilikuwa na faida. Wiki ile ile alianza kuzunguka kwa ndugu akiuliza kwa upole, kalamu mfukoni, kama ni haki mwanamke anayeikasirikia mali ya nyumba aendelee kulima shamba la nyumba. Mama akikiri, amejifukuza mwenyewe. Asipokiri, ana moyo mgumu na ni hatari kwa watoto wa watu. Akili za ofisi zilikuwa zimefanya kazi.

Na watu walikubali kwa wepesi wa ajabu. Wanawake wa kanisa, walewale walioimba kwamba hawaogopi chochote, walianza kuzunguka njia ndefu ya nyuma ili wasipite mlangoni kwetu. Waliokuwa wakija kuomba moto asubuhi waligundua kwamba wana viberiti. Mjomba wa mtu fulani alitapika baada ya kula ndizi za bondeni, na hakuna aliyekumbuka alikuwa amekunywa nini usiku kabla ya ndizi. Shuleni mzazi mmoja aliniuliza kama mama yangu hunishonea nguo ninazovaa nikifundisha. Nilimwambia ndiyo, na kwamba ajihadhari na vifungo.

Lakini nyumbani sikuwa na ujasiri huo. Niliogopa kweli. Mama hakuwa na pengine pa kwenda. Kwao milimani kaka zake walikuwa wamegawana mashamba mpaka ngazi za nyumba, na mshahara wangu wa ualimu haukutosha kutulisha sisi wawili bila lile bonde. Nilimwambia mama ajitetee. Alisema miwa inahitaji kupaliliwa, akachukua jembe.

Baba mdogo aliita wazee wawili wa ukoo kutoka upande wa Mwatate waje wakate neno. Huku akingoja siku ifike, alipata kioo kingine. Kililetwa kwa treni kutoka Mombasa, kimefungwa kwa gunia na majani makavu, na wapagazi wa stesheni ya Voi walikibeba kama maiti ya mtu mkubwa. Alikipachika mwenyewe. Mpira hakununua, maana kununua mpira kungekuwa kukubali kwamba Mhindi alikuwa na akili. Alizirudisha kabari zilezile, akaongeza nyingine, akazigonga kwa nguvu zaidi kwa sababu, alisema, safari hii hataki masihara.

Nilikuwa napita. "Baba mdogo," nilimwambia, "hizo kabari zinakibana mno."

"Wewe kafundishe a, e, i, o, u," alisema bila kugeuka. "Na umwambie mama yako asikaribie hapa."

Nilimfikishia mama ujumbe. Alisema hakuwa amepanga kwenda.

Siku ya wazee ilipofika, baba mdogo aliondoka asubuhi kwenda kuwachukua kwa motokaa, ili waone ukubwa wake. Aliagiza wanawake wa ukoo wakae na mama uani tangu alfajiri wasimwache hata dakika, asije akafanya jambo. Walikaa. Mama alipukuchua kunde katika ungo, na baada ya muda wale walinzi wakachoka kulinda wakaanza kumsaidia. Zikaisha kunde za magunia. Sijawahi kuona mshukiwa aliyefanyiwa kazi vizuri namna ile.

Karibu na mchana tuliisikia motokaa kabla ya kuiona. Ilikuja taratibu, na tulipoiona hatukuelewa mara moja, kwa sababu nyuso za watu waliokuwa ndani zilikuwa zimegeuka udongo mwekundu, macho tu yakimetameta. Kioo hakikuwepo. Walikuwa wamekula vumbi lote la kutoka Mwatate. Mzee mkubwa wa ukoo alishuka kwanza, punje za kioo zikimdondoka kutoka kwenye koti, na sikio lake moja likitoka damu kidogo. Mwenzake alikuwa akizichambua ndevu zake kwa vidole kama mtu anayetafuta kupe. Baba mdogo alishuka wa mwisho.

Hakuna jiwe lililorushwa, walisema. Hakuna gari lililopishana nao. Waliingia katika shimo dogo tu, la kawaida, na kioo kikawamwagikia mapajani.

Wanawake walitazama kunde. Mimi sikuweza kuvumilia tena.

"Safari hii ilikuwa hasira ya nani?" niliuliza.

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema.

"Huyu msichana hana adabu," alisema baba mdogo.

"Hana," alisema mzee mkubwa, akishika sikio lake. "Lakini mimi pia nataka kujua."

Msomaji asifikiri kwamba mzee yule alikuwa na busara. Usiku uliotangulia, kwake Mwatate, alikuwa amekula mbuzi aliyepelekewa na baba mdogo, na kama sikio lake lingefika salama, naapa mama angepoteza shamba kabla ya saa nane. Ila alikuwa ameumia, ana vumbi kooni, na mtu mwenye vumbi kooni hutaka kumlaumu aliye karibu. Aliwageukia wanawake akawauliza kama mama ameondoka pale. Walisema hajaondoka. Walionyesha magunia.

"Basi ndani ya gari tulikuwa watatu," alisema mzee. "Mimi sina neno na wewe. Umeniletea mbuzi."

"Mimi pia sina," alisema mwenzake. "Nilikuwa nimelala."

"Amebaki nani?"

Baba mdogo alinywea. Nilimwona akiwaangalia wanawake wa kanisa, mmoja mmoja, na wao wakimwangalia.

"Lete maji," mzee alimwambia mmoja wa wanawake. "Huyu atase, aitoe hasira yake, tupate kula."

Kibuyu kililetwa kikawekwa mbele yake. Kilikuwa kilekile cha nyumbani, hakuna aliyekwenda kutafuta kingine. Baba mdogo alikitazama kama kimejaa sumu. Akitasa mbele ya wanawake wale, Jumapili hatakuwa na kiti mbele kanisani. Tena atakuwa amekiri mbele ya ukoo kwamba ana hasira na mjane wa ndugu yake, na kila mtu angejua ni kwa ajili ya nini.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Mambo haya siyafanyi."

"Ulipomfanyisha shemeji yako ulikuwa mzee wa nini?"

Baba mdogo alitoa kalamu mfukoni, akairudisha. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, alisema, "Vioo huvunjika tu. Jua ni kali, barabara ni mbaya. Si hasira ya mtu."

"Hawakusikia kule nyuma," alisema mzee.

"Nimesema vioo huvunjika tu."

"Basi hakuna kesi," alisema mzee. "Shamba libaki lilipo. Chakula kiko wapi?"

Ningependa kuandika kwamba ukweli ulishinda siku ile. Haukushinda kitu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuitazama fremu. Kabari zilikuwa bado zimejipanga pale, na vipande vya kioo vimebanwa kati yake kama nyama katika meno, na watu waliipita motokaa wakienda kunawa mikono. Waliacha kumshuku mama kwa sababu waliona kwamba fimbo ile inaweza kumgeukia yeyote. Kesho yake wanawake walipita njia ya mbele, wakaomba moto, wakasema wamekosa viberiti. Baba mdogo alinunua mpira bila kumwambia mtu, na motokaa yake haikuvunja kioo tena, na watu wakasema ni kwa sababu ya maombi.

Mchana wa siku ya kesi, wazee walipokuwa wanalala usingizi wa kushiba, nilimfuata mama bondeni. Alikuwa anakata majani makavu ya migomba. Nilikuwa na furaha na ghadhabu pamoja, na nikamwaga yote. Nilimwambia ukoo huu ni wa wajinga. Nilimwambia nashangaa mtu mwenye akili anawezaje kumtazama mtu kama yeye, mpole namna hii, na kudhani kwamba ana hasira moyoni.

Mama aliendelea kukata. Alilitupa jani chini, akanyoosha mgongo, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hasira ninayo," alisema. "Ninayo tangu siku ya matanga ya baba yako, huyo ndugu yake alipokuja hapa na kaburi bado bichi akaanza kuipima migomba yangu kwa hatua. Nilipotasa sikuitoa, na wala sina mpango wa kuitoa. Lakini kama hasira yangu ingekuwa na uwezo wa kuvunja kitu, mwanangu, unadhani ningeanzia kwenye kioo?"